Alama Tisa kwenye Ukingo wa Meza ya Cherehani

Mama mkubwa wangu hapendi kusikia meza ikiitwa kuukuu. Mletee meza ya cherehani iliyochubuka, yenye madoa ya vikombe na mguu unaocheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, halafu useme, "Nimeleta hiki kikuukuu changu," atakukazia macho mpaka wewe mwenyewe uangalie chini.

"Kikuukuu nani kasema?" atakuuliza. "Imekufanyia kazi miaka yote hiyo, sasa unaitukana mbele za watu?"

Ukishikwa na kigugumizi anacheka, anakuvutia kiti, na kazi inaanza.

Ni dada yake mkubwa mama yangu. Ninaishi kwake tangu nilipoingia sekondari kwa sababu shule iko dakika kumi tu kutoka mlangoni. Mtaani wanamwita Mama Msasa, kwa ajili ya ile karatasi yenye chengachenga ya kusugulia mbao, ambayo haimtoki mkononi. Wapo wanaosema jina hilo limetokana na ulimi wake. Yeye anasema vyote viwili ni kweli, mradi wakimwita wawe na kazi mkononi.

Kazi yake ni kurudishia uhai mbao za meza za cherehani za zamani, zile zenye miguu ya chuma iliyofumwafumwa kama kamba za viatu, kanyagio chini, na watoto wa meza wawili kila upande. Kichwa cha cherehani kinazama ndani, unafunika kifuniko, na mgeni akiingia anadhani ni meza ya kuwekea vikombe. Kichwa chenyewe yeye hakigusi. Hicho kinakwenda kwa fundi wa cherehani wa mtaa wa pili.

"Mimi na sindano hatusalimiani," anasema.

Chumba chake cha kazi kilikuwa jiko zamani. Dirisha ni moja lakini pana, linatazama ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, na mwanga wa jua ukigonga ule ukuta unarudi ndani umepoa. Anasema huo ndio mwanga wa kuangalia mbao, kwa sababu jua la moja kwa moja linadanganya. Ukutani zimening'inia patasi na jiliwa za kubania. Sakafuni kuna boksi la fulana zilizochakaa, za pamba tupu, na ole wako uchanganye na ya nailoni. Kwenye jiko dogo la mkaa kuna sufuria la gundi. Wiki yangu ya kwanza nilichemshia maji ya chai ndani yake. Mama mkubwa aliinusa chai ile, akaimwaga nje, akasema ni bahati mbaya ameshtuka mapema. Ningekunywa ningegandana midomo, naye angepumzika na maswali yangu walau siku mbili.

Maana mimi nauliza. Najijua. Nimemuuliza mpaka nimepata habari ya alivyoanza, na kwa jinsi anavyoisimulia huku anasugua, imenichukua karibu muhula mzima kuikusanya.

Alikuwa mfagiaji katika chuo cha ushonaji. Mwaka mmoja chuo kikaletewa mashine za umeme, na zile meza za kukanyaga zikatolewa uani zisubiri gari la vyuma chakavu. Mvua ikanyesha siku tatu. Kila asubuhi akifagia uani anaziona zinavimba, ngozi ya juu inabanduka kama ubao unaojikuna. Siku ya nne akashindwa. Akamwendea mkuu wa chuo na ufagio mkononi, akaomba moja. Mkuu akamwambia achukue hata tatu, ampunguzie uchafu.

Alichukua moja, kwa mkokoteni wa kuazima. Alipofika nayo nyumbani hakujua pa kuanzia, akaipeleka kwa fundi seremala jirani yake. Huyu mzee kijana (yeye mwenyewe anajiita hivyo) siku hizi anatengeneza majeneza tu, na mtaa mzima unamwita Fundi wa Mwisho. Lakini ujanani alikuwa mpiga rangi wa samani za maofisini, na mkono wake haujasahau. Ndiye aliyemfundisha Mama mkubwa kufunga donge la pamba ndani ya kitambaa, kulichovya kwenye dawa, na kulizungusha juu ya mbao kama unaandika nane juu ya nane bila kuinua mkono.

"Alinifundisha bure," Mama mkubwa huniambia. "Kila Jumapili, miezi sita. Na nilikuwa mgumu kuelewa, mwanangu, usinione hivi."

"Alikuwa mgumu kama kisiki," Fundi wa Mwisho akathibitisha siku moja, amesimama mlangoni. "Lakini kisiki kizuri."

Dawa yenyewe ni vipande vyembamba vya rangi ya asali, vimekaa kama magamba ya samaki. Unavilowesha kwenye spiriti usiku kucha vinayeyuka. Unapaka mkono wa kwanza, unasubiri, mkono wa pili, unasubiri, na kuendelea mpaka mikono kumi na mbili au kumi na tano. Kila mkono ni mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Kuna vanishi za madukani zinazomaliza kazi kwa mikono miwili na kukauka ukiwa umekaa, na watu wanamshangaa kwa nini anajitesa. Hapo ndipo utakapomsikia akiongea polepole.

Meza ile ya kwanza, mbao zake ziliachana zote kwa ajili ya mvua. Alidhani zimekufa. Kumbe gundi ya waliozitengeneza ilikuwa ya kuchemshwa kwa ngozi na mifupa, inayolegea ikipata maji ya moto na kushika upya ikipoa. Aliziosha, akazipasha, akazibana, zikarudiana. Rangi yake nayo ilikuwa hiyohiyo ya magamba, spiriti kidogo tu ikalainika, akaisambaza upya palipokatika.

"Unaona watu wale?" anasema. "Hawanijui, siwajui. Lakini walipofunga, walifunga kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kufungua. Walifikiria kwamba siku moja nitakuja mimi. Mpaka leo nawashukuru, na hata majina yao sina."

Kwa hiyo naye hatumii kitu kisichofunguka. Ndiyo sheria pekee ya chumba kile, ukiacha ile ya kutogusa sufuria.

Sasa nieleze habari ya Bi Pindo, ambayo nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho.

Jumamosi moja mwanaume wa makamo alisimamisha gari la mizigo nje, akashusha meza akisaidiana na dereva. Anauza betri za magari, na mashati yake yote yana tundu dogodogo za asidi. Meza ilikuwa ya mama yake, aliyeshona zaidi ya miaka arobaini, ambaye wateja walimpa jina la Bi Pindo kwa sababu hakuna aliyekunja pindo la sketi kama yeye.

"Nataka ing'ae, mama," alimwambia Mama mkubwa. "Ing'ae kabisa. Halafu hiki kifuniko ukipige skrubu, kisifunguke tena. Itakaa sebuleni, tuweke redio juu."

Mama mkubwa aliacha kufuta mikono. "Kisifunguke? Na cherehani?"

"Kichwa kiko kwa fundi. Nitakiuza, au kikae kabatini." Akapunguza sauti, ingawa mama yake hakuwepo. "Macho yake yamekwisha. Anaona mwanga na vivuli tu. Mwezi uliopita sindano imepita kwenye ukucha wake. Naingia tu, damu inatoka, na yeye ananiambia nisimame pembeni amalize mshono!"

"Alimaliza?"

"Mama, sicheki."

"Na mimi sicheki, baba. Yeye mwenyewe anasemaje?"

Yule bwana akakuna shingo. Akasema mama yake hakubishana sana, ila ameomba kitu kimoja. Meza ikiwa tayari na kichwa kimerudishwa, akae ashone kitu kimoja mbele ya mwanawe. Foronya, basi. Mshono ukinyooka, meza ibaki wazi aendelee na kazi zake. Ukienda upande, apige skrubu na neno lisisemwe tena. "Nimekubali ili aridhike," alisema. "Lakini mtu asiyeona atanyoosha nini?"

Mama mkubwa aliahidi wiki mbili.

Nilimwona akifanya kazi ile kwa furaha ambayo haifichiki. Ngozi ya juu, yaani ule ubao wa thamani ulio mwembamba kama ukucha uliobandikwa juu ya ubao wa kawaida, ilikuwa nzima karibu yote. Akatoa uchafu wa miaka kwa kitambaa na spiriti, na mistari ya mti ikatokea chini yake kama nyuzi za asali. Aliniita nije nione. Nikaacha hesabu zangu nikaja.

Ndipo nikaziona zile alama. Kwenye ukingo wa mbele, ule unaomwelekea mshonaji, kulikuwa na mikato midogo tisa, imejaa uchafu mweusi. Nyingine zimekaribiana, nyingine zimeachana mbali.

"Hizi ni nini, Mama mkubwa?"

"Mkasi. Washonaji wanagongagonga mikasi ukingoni."

"Mbona kama zimepangwa?"

"Zimepangwa na nani? Au panya alikuwa na rula? Nenda kamalize hesabu."

Akazijaza. Alikusanya vumbi la msasa la meza ileile ili rangi isitofautiane, akalichanganya na gundi yake ya moto, akashindilia kila mkato kwa ncha ya kisu. Ilipokauka akasawazisha kwa msasa laini, akapaka mikono kumi na minne. Hata mimi niliyejua pa kutazama sikuona kitu. Ukingo ulikuwa umenyooka kama umetoka kiwandani jana. Alipitisha kiganja chake kutoka pembe hadi pembe akasema, "Haya. Huyu bibi atatushukuru."

Bi Pindo alikuja Jumamosi wiki mbili zilipotimia, ameshika kiwiko cha mwanawe. Ni mfupi, na gauni lake lilikuwa limekaa mwilini bila kosa hata moja. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye wa maswali? Nimesikia sifa zako mpaka kwetu." Akageuza uso kuelekea harufu ya spiriti. "Iko wapi?"

Tukampeleka. Aliigusa kwanza kwa migongo ya vidole, kama mtu anayepima homa ya mtoto, kisha kwa viganja. Akatabasamu. "Jamani, mmeiogesha." Akaomba kiti. Fundi wa cherehani alikuwa ameshapachika kichwa asubuhi ile, mkanda mpya, mafuta tayari. Mwanawe akampa kitambaa cheupe cha foronya, akasimama nyuma amekunja mikono.

Bi Pindo alilaza kitambaa kwenye ukingo wa meza, dole gumba likateleza juu ya ukingo, likaenda kulia, likarudi kushoto. Likaenda tena. Tabasamu likapungua kidogo kidogo. Mara ya tatu alitumia ukucha, akaupitisha polepole kutoka pembe hadi pembe, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya wageni.

"Hii siyo meza yangu," alisema.

"Ni yako, mama. Mimi mwenyewe nimeileta."

Bi Pindo akakunja pindo kwa kukisia, akakanyaga. Sauti ya mashine ilikuwa tamu, imenyooka, lakini tulioona tuliona. Pindo lilianza pana kama utepe na likaisha jembamba kama unyasi. Alipomaliza alilipapasa mwanzo mpaka mwisho, akaliweka mapajani.

Yule bwana hakufurahi. Hilo lazima niliseme kwa haki yake. Aliichukua foronya akaikunja mara nne bila kumtazama mtu. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Bi Pindo akaitika.

Mama mkubwa alikuwa haangalii foronya. Alikuwa anaangalia dole gumba la Bi Pindo, ambalo bado lilikuwa linaipapasa ile mbao, lenyewe, bila kutumwa.

"Bibi, samahani. Unatafuta nini hapo?"

"Alama zangu, mwanangu. Nilikuwa na alama tisa hapa. Nilianza kuzikata kwa tupa nikiwa msichana, kwa sababu kila siku wenzangu wananiazima futi na hawarudishi. Kutoka ya kwanza mpaka ya pili ni nafasi ya kifungo na kifungo. Mpaka ya tatu ni pindo la suruali. Mpaka ya tano ni upana wa mfuko. Nikilaza kitambaa kidole kinaniambia, sihitaji kuona. Labda zimelika." Akacheka kicheko kidogo kisicho na nguvu. "Hata mbao inazeeka."

Nilimtazama Mama mkubwa, naye hakunitazama. Nilijua tunachokijua mimi na yeye tu: mikato ile ingeweza kubaki "imelika" milele. Hakuna ambaye angegundua. Na mteja hajawahi hata siku moja kumrudishia Mama Msasa kazi. Ndilo jambo analojivunia kuliko yote.

"Hazijalika," alisema. "Nimezijaza mimi."

Dole gumba la Bi Pindo likasimama.

"Niliziona nikadhani ni ubovu. Huyu mtoto aliniuliza, nikamfukuza akafanye hesabu. Nilitaka ukingo unyooke. Kwa hiyo, baba," akamgeukia mwanaume, "foronya imekwenda upande kwa mkono wangu. Mama yako hajashindwa bado."

"Mama, naelewa unamwonea huruma. Usimtetee."

"Simtetei mtu. Najishtaki."

Yule bwana alivuta pumzi. Alitazama foronya, akamtazama mama yake, ambaye sasa alikuwa ameinua uso. "Jumamosi ijayo," alisema mwishowe. "Mara moja tu. Baada ya hapo tusisumbuane."

Walipoondoka nilidhani kazi ni nyepesi, kutoboa tu mikato tisa. Mama mkubwa akanionyesha ukingo. "Haya, toboa. Wapi?"

Nilisogeza jicho mpaka pua ikagusa mbao. Hakuna kitu. Rangi moja, mistari moja, hata kivuli hakuna. Akaleta kioo cha kukuzia, akaleta tochi akaimulika ubavu kwa ubavu. Hakuna.

"Umeona mambo?" alisema, ameketi sakafuni. "Nimefanya kazi nzuri mpaka imenichongea."

Fundi wa Mwisho alipopita akapewa habari yote. Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Ndiyo maana mimi nilihamia majeneza. Sijarudishiwa hata moja." Alipoona Mama mkubwa hacheki akaingia, akainama naye. "Lakini, dada, si umwulize vipimo tu? Kifungo na kifungo ni kiasi gani, pindo ni kiasi gani. Unakata mapya, unamaliza."

"Vipimo vya futi hana. Ana vya kidole. Nikikosea kwa unene wa uzi, kila nguo atakayoshona itakosea kwa unene wa uzi, na kijana wake anasubiri hilo hilo."

Fundi wa Mwisho akasema, bila mzaha, "Ulijazia gundi gani?"

"Unauliza kama hunijui?"

Wakatazamana. Nilikuwa sijaelewa bado, na wao walikuwa wameshasimama, mmoja anapuliza mkaa, mwingine anachagua fulana.

Kwanza Mama mkubwa alitoa rangi ya ukingo ule kwa spiriti, mikono yote kumi na minne. Nilihesabu siku alizoipaka na moyo ukaniuma. Ilitoka kwa chini ya saa moja. Halafu akalowesha kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakilaza ukingoni, akasubiri. Ile gundi ya vumbi, alinieleza, inakunywa maji haraka kuliko mbao yenyewe. Ikinywa inavimba. Aliondoa kitambaa, akaufuta ukingo, akafumba macho. Akapitisha ukucha kama alivyofanya Bi Pindo.

"Moja," alisema.

Nikaweka alama ya penseli.

Hatukuzipata zote siku hiyo, kwa sababu ukizidisha maji ngozi ya juu nayo inabanduka. Kila jioni nikirudi shule alinisubiri, tunalaza kitambaa, tunasubiri, tunapapasa, tunaacha ikauke. Uvimbe ukitokea anaung'oa taratibu kwa ncha ya mti iliyochongwa, siyo kwa chuma, asije akaongeza upana wa mkato wa mwenyewe. Jumanne tulikuwa na tano. Jumatano nane. Alhamisi, nane.

Ya tisa haikutoka. Mama mkubwa akanituma.

Nilimkuta Bi Pindo amekaa mlangoni kwake na mikono tupu, na sijui kwa nini mikono ile ndiyo iliyonisikitisha. Nilimshika kiwiko tukaja pole pole. Njiani nilimuuliza kama ni kweli haoni kabisa. Akasema anauona mwendo wangu, ninatembea kama mtu anayechelewa. Nilimuuliza kama anaogopa Jumamosi. Tukavuka mfereji kwanza.

"Naogopa kukaa," alisema. "Kushona siogopi."

Alipofika alipapasa ukingo, na sitasahau uso wake kidole kilipodondokea mkato wa kwanza. Alianza kuzitaja kama anaita watoto waje kula. Kifungo. Suruali. Mkono wa shati. Mfuko. Alipovuka ya sita alisimama. Akaweka dole gumba la kushoto kwenye ya sita, akatandaza vidole vya kulia, akagusa mahali palipokuwa patupu.

"Hapa."

Mama mkubwa aliinama na tochi. "Bibi, hapa tumeshaloanisha mara tatu. Hakuna kitu."

"Ipo. Ilikuwa ndogo kuliko zote. Ni kiuno cha mtoto, naigusa mara nyingi, imelika."

Mama mkubwa hakubishana tena. Alichemsha maji, akaweka kitambaa palepale kwa ukubwa wa kidole kimoja, na tukakaa watatu tukikitazama kama chungu jikoni. Alipokiinua hakugusa yeye. Alichukua kidole cha Bi Pindo, akakiweka.

"Tisa," Bi Pindo akasema.

Mama mkubwa alikaa chini kabisa, mgongo ukutani, akaanza kucheka, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Nisamehe, mama yangu. Nilikufuta."

"Umenirudisha. Ungetumia ile gundi ya dukani ningekuwa nimefutika kweli."

Siku iliyofuata Mama mkubwa alipaka ukingo upya, na ndani ya kila mkato akapitisha njiti ya kiberiti iliyofungwa pamba, mikono miwili tu, ili uchafu usishike na kidole kisione tofauti.

Jumamosi yule bwana alileta foronya ileile, imefumuliwa. Safari hii alileta na futi. Bi Pindo alikaa, akalaza kitambaa ukingoni, dole gumba likaenda moja kwa moja likasimama. Akakunja. Akabana. Akakanyaga. Nilitazama vidole vyake vya kushoto vilivyokuwa vinatembea kando ya sindano, kamwe si mbele yake. Alipofika pembeni alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akageuza kitambaa, akaendelea.

"Na sindano, mama?" mwanawe aliuliza alipomaliza. Sauti ilikuwa imebadilika. "Ile siku ilikupitia kwenye ukucha."

"Ile siku? Si wewe uliyeingia mlangoni unanipigia kelele kama umefumania mwizi! Nikaruka. Hata mwenye macho angejishona."

Fundi wa Mwisho, aliyekuja kushuhudia bila kualikwa, aligeuka ukutani akakohoa kwa muda mrefu.

Yule bwana alipima pindo mwanzo, akapima katikati, akapima mwisho. Akarudia mwanzo. Kisha akaizungusha futi kidoleni taratibu, akaitia mfukoni. Alichuchumaa karibu na kiti cha mama yake.

"Hii ya tano," aliuliza, "ndiyo mfuko wa shati?"

"Shati lako la shule. La kwanza. Nilikata kwa kiganja chako, ndiyo maana haitoshi mtu mzima."

Akaweka kidole chake chenye alama za asidi kwenye mkato ule, akakiacha hapo. "Basi ibaki wazi," alisema. "Ila mlangoni nitakuwa nabisha hodi."

"Kumbe ulikuwa hujui hodi?" Bi Pindo akamjibu, na hapo hata mwanawe alicheka.

Wakati wa kupakia yule bwana alimrudia Mama mkubwa, akamshukuru kwa kusema ukweli siku ile. Mama mkubwa alimkatiza, akasema anayepaswa kushukuru ni yeye. Miaka yote hii anashika meza za watu, hakuna aliyemfundisha kwamba nyingine zina maandishi. Aliyasema hayo kavu kavu, huku anakagua kamba kama zimekaza. Halafu akaingia ndani haraka.

Jumatatu nilipotoka shule nilimkuta mteja mpya, dada mmoja mwenye duka la mapazia. Meza yake ilikuwa na kovu jeusi la pasi, kubwa kama jani, upande wa kushoto. Alikuwa ameshaanza kuliombea msamaha.

Mama mkubwa alikuwa hajashika msasa. Alimvutia kiti.

"Kaa kwanza. Fumba macho. Weka mikono mahali inapokaa siku zote ukishona."

Yule dada alinitazama kama anauliza, mama yenu mzima huyu? Lakini akakaa, akafumba macho, akainua mikono. Wa kulia ulikwenda kwenye gurudumu. Wa kushoto ulitua katikati ya kovu, ukatulia, vidole vikajipanga vyenyewe.

Mama mkubwa aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Chukua daftari, mwanangu," aliniambia. "Andika: kovu la pasi linabaki."